Kuunda polima ing'aayo ya kutambua saratani ya utumbo mpana
Anza na polima (molekuli ndefu ya vipande vinavyojirudia) inayoyeyuka katika maji, kama ile ya HPMA, kisha uunganishe nayo peptidi ya GE11, mnyororo mfupi wa asidi amino 12, ambayo hunasa kipokezi cha EGFR, protini inayopokea ishara za ukuaji, kinachojaa juu ya seli nyingi za saratani hiyo. Chagua rangi ya kuunganisha na polima hiyo, inayong'aa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 700 na 900, kwa kuwa damu hufyonza mwanga huo kidogo. Usiizidishe: molekuli za rangi zikibanana huzimana, hivyo sampuli iliyokolea machoni huweza kuonekana hafifu mbele ya kamera. Hatimaye ijaribu kwa kulinganisha aina mbili za seli za saratani hiyo zinazokuzwa maabara: za HT-29, zenye kipokezi hicho, na za SW620, ambazo karibu hazina. Zote zikimulika sawasawa, peptidi haijalenga chochote.