Matumbawe Kampala: jinsi ya kutunza tangi la maji ya bahari mbali na bahari

Vipimo vyote hapa ni vya tangi la lita 200 ndani ya nyumba, lenye tangi dogo chini yake linalobeba hita, skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) na pampu ya kurudisha maji juu. Kama lako ni la ukubwa mwingine, piga hesabu kwa uwiano. Chini ya lita 100 simshauri anayeanza. Maji machache hubadilika haraka, na matumbawe mengi zaidi huuawa na mabadiliko ya ghafla kuliko kipimo kilichokosea kidogo.

Hatua ya 1: Maji matamu

Maji ya bomba hutiwa klorini, kwa hiyo yapitishe kwenye mashine ya RO (inayosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi na uchafu) yenye resini ya DI (inayonasa madini yaliyobaki) mwishoni, hadi kipimo cha TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0. Wengi hukwama kwenye shinikizo. Utando wa RO unataka bar 3 hadi 4, na tanki la nyumba lililo mita 5 juu ya mashine linatoa nusu bar tu. Mashine itadondosha matone, itamwaga maji mengi, na resini itaisha kabla ya wakati wake. Nunua pampu ndogo ya kuongeza shinikizo. Maji yanayotupwa na mashine yanafaa kufulia na kumwagilia migomba.

Maji ya mvua ni ya bure, lakini yakiteremka juu ya mabati huokota zinki, na zinki kidogo tu hudhuru konokono, kamba na matumbawe. Nayo yapite kwenye RO.

Hatua ya 2: Chumvi

Tumia chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe, basi. Chumvi ya mezani ni karibu sodiamu kloraidi tupu. Chumvi ya Ziwa Katwe ni nzuri kwa mboga na kwa ng'ombe wa kulamba, lakini ziwa lile lina kaboneti na salfeti nyingi, na uwiano wake si wa bahari. Vivyo hivyo mchanga wa Lwera ni wa kujengea. Tangi hili linataka mchanga wa aragonaiti (madini ya kalsiamu kaboneti), au sakafu tupu.

Tangulia na maji, yapashe moto hadi nyuzi 25, washa pampu, ndipo umimine chumvi kidogo kidogo. Ukimwagia maji juu ya chumvi, kalsiamu itaganda na utapata maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Anza na gramu 36 kwa lita, kisha rekebisha hadi sehemu 35 kwa elfu, yaani uzito linganishi wa 1.026.

Pima kwa refraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini. Vile vipimo vya plastiki vyenye mshale siviamini, kwa sababu kiputo kimoja cha hewa kikinasa kwenye mshale, usomaji unapotoka. Refraktomita yenyewe usiisawazishe kwa maji matupu. Changanya gramu 36.5 za chumvi ya mezani na gramu 963.5 za maji ya RO kwa mizani ya jikoni. Mchanganyiko huo lazima usome 35.

Hatua ya 3: Bakteria

Weka mawe, tia amonia hadi miligramu 2 kwa lita, ngoja bakteria wanaoila wakue. Tangi likiweza kumaliza amonia, na naitraiti inayotokana nayo, yote ndani ya saa 24, liko tayari. Huchukua wiki 3 hadi 6.

Hatua ya 4: Umeme ukikatika

Ifanye hatua hii kabla ya kununua hata samaki mmoja.

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yaliyoshiba oksijeni hapa hubeba karibu asilimia 13 pungufu kuliko Mombasa kwenye joto lile lile. Umeme ukikatika usiku, mwani hautengenezi oksijeni, kila kiumbe kinapumua, na uso wa maji umetulia. Samaki hupanda juu, midomo wazi karibu kabisa na uso wa maji, vifuniko vya matamvua vikipiga haraka. Ukiwaona hivyo umeshachelewa. Saa alizozitaja mtu wa pwani kwamba tangi lake lilistahimili, usizichukue kuwa zako.

Kinachookoa ni mwendo wa maji, si hita wala taa. Nunua pampu ya mawimbi ya DC (umeme wa aina ya betri) ya wati 10 hivi na uiunge moja kwa moja na betri. Sipendi kupitia inveta, maana inveta yenyewe inakula wati kadhaa hata kabla ya kuendesha chochote. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 50 ina wati-saa 600. Kama ni ya asidi, tumia nusu tu: wati-saa 300, yaani saa 30. Ya lithiamu aina ya LiFePO4 inaruhusu asilimia 80, yaani saa 48. Hita ya wati 100 ingeimaliza ile ya asidi kwa saa 3, kwa hiyo iache nje kabisa.

Angalia haya kabla ya kuiamini:

Pampu nyingi za DC ni za volti 24. Baadhi huzunguka polepole kwa volti 12, nyingine haziwaki kabisa. Ijaribu ukiwa dukani.

Fyuzi ikae karibu na betri, na betri ikae mbali na marasharasha ya maji ya chumvi. Kila waya uteremke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni.

Elekeza pampu juu, uso wa maji utikisike. Ikisukuma maji chini tu, oksijeni haiingii.

Usiwalishe samaki mpaka umeme urudi. Usiku wa baridi funika kuta za tangi kwa blanketi, lakini juu pabaki wazi. Joto likishuka polepole hadi nyuzi 22 wanavumilia.

Umeme ukizimika, maji ya juu huteremka kwenye tangi la chini. Zima pampu mwenyewe mchana, tazama maji yanapoishia, uchore mstari. Tangi la chini lisipoyameza yote, utaamkia sakafu iliyofurika.

Kurudi kwa umeme nako kuna hatari. Volteji huweza kuruka, kwa hiyo weka kilinda volteji cha friji chenye kuchelewesha dakika chache. Na kichujio cha kopo kilichofungwa kikikaa saa nyingi bila maji kupita, ndani yake huoza; kikiwaka tena kinamwaga uozo huo kwenye tangi. Kioshe kwanza. Kwa nchi yetu mimi nisingekitumia kabisa.

Mwisho, chomoa tangi ukutani Jumamosi asubuhi, kaa karibu nalo saa 4. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku wa manane utakuwa tayari unajua kitakachotokea.

Hatua ya 5: Alkaliniti na kalsiamu

Lenga alkaliniti (uwezo wa maji kumeza asidi, unaopimwa kwa dKH) ya dKH 8 hadi 9, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350. Pima alkaliniti saa ile ile siku tatu mfululizo bila kuongeza kitu. Inavyoshuka kwa siku ndivyo matumbawe yanavyokula.

Gramu 6 za bekingi soda hupandisha dKH 1 katika lita 200. Soma pakiti: iwe sodiamu baikaboneti tupu. Bekingi pauda ina asidi na wanga, haifai. Kwa kila gramu 6 hizo, rudisha pia gramu 5 hivi za kalsiamu kloraidi daihaidreti. Kila kimoja kiyeyushe peke yake katika maji ya RO na ukimimine kwa wakati wake, la sivyo vitagandana kuwa chokaa. Usipandishe zaidi ya dKH 1 kwa siku, hata kama kipimo kinatisha.

Hatua ya 6: Kuingiza viumbe

Anza na matumbawe yasiyo magumu: Discosoma, Sarcophyton na Zoanthus. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), kwa hiyo mdai muuzaji karatasi. Zoanthus na jamaa zake huweza kuwa na palitoksini, sumu kali mno: vaa glavu na miwani unapowakata, na usichemshe kamwe jiwe lililowabeba, kwa maana mvuke wake umewahi kulaza watu hospitalini.

Samaki wapya wakae tangi la pembeni wiki 4 au zaidi. Wakitoa madoa meupe ya kimelea Cryptocaryon, dawa ya shaba itumike huko huko tu. Shaba ikiingia tangi kuu, matumbawe na kamba watakufa.

Hatua ya 7: Kila wiki

Badilisha lita 20, futa kioo, mwaga kikombe cha skima. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazwe kwa maji matamu ya RO, kwa sababu chumvi haikuondoka na mvuke. Chora alama ya kiwango kwenye tangi la chini. Jerikeni la maji matamu liwe na rangi yake na la chumvi rangi yake. Ukienda kijijini, mwonyeshe anayebaki nyumbani ile alama na jerikeni la maji matamu, na lile la chumvi lifungie stoo.