Resident Evil 4 ya PS2: medali za bluu na hazina zilizofichwa, kwa wanaolipia saa kwenye sali za gemu

Watu wengi humaliza kijiji cha Resident Evil 4 bila kujua kwamba wamepita karibu na bastola ya bure. Gemu hii ya mwaka 2005 ingali inachezwa kwenye sali za Goma (vyumba vya kuchezea gemu kwa kulipia saa) zenye PS2, na wanaoicheza huko hukimbia: saa imelipiwa, wengine wanasubiri zamu, kila mtu anataka kufika kwenye mapambano makubwa. Ukikimbia namna hiyo unafika kwenye ngome huna peseta (pesa za gemu), silaha haijaongezwa nguvu, na hapo ndipo gemu inaanza kukuumiza. Mali iliyofichwa kijijini ndiyo inayokubeba ngomeni.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba medali za bluu (vibao vidogo vilivyotundikwa, vya kuvunja kwa risasi) na hazina (vito na vitu vya thamani unavyomuuzia muuzaji wa ndani ya gemu) hazihami. Kila moja ina mahali pake pa kudumu. Ukiikosa leo, kesho utaikuta palepale, mradi hujavuka lango linalofungwa nyuma yako. Lango kubwa kuliko yote ni la ngome. Sura ya 1 na ya 2 ni za kijijini. Sura ya 3 inaanzia ndani ya ngome, na ukishaingia humo kijijini hurudi tena. Chochote cha kijiji usichokichukua kabla ya hapo, kwa mchezo huo kimekwenda.

Kabla ya kuanza kutafuta, tayarisha mahali pa kuhifadhi. Kadi ya PS2 ina nafasi ya MB 8, na kwenye sali huwa inatumiwa na watu wengi. Usihifadhi juu ya mchezo wa mwenzako, na usikubali ahadi ya "nitaweka juu ya ule wa zamani". Ni bora uwe na kadi yako mwenyewe ndani ya mfuko; za mitumba hupatikana Birere, hapa Goma, lakini omba ijaribiwe kwenye mashine mbele yako, kuhifadhi na kufungua tena, kabla hujatoa pesa. Ndani ya gemu unahifadhi kwenye mashine ya kuchapa. Tofauti na gemu za kwanza za mfululizo huu, hapa huhitaji utepe wa wino: unahifadhi mara nyingi upendavyo. Basi hifadhi kila unapoikuta, kwa kuwa umeme ukikatika kila ulichookota tangu mara ya mwisho kinapotea, na mwenye sali hawezi kukurudishia.

Tazama pia mwangaza wa televisheni. Kama watu waliokutangulia wameupunguza, uongeze, au ingia kwenye mipangilio ya gemu yenyewe. Medali ya bluu mbele ya mti mweusi haionekani kwenye kioo kilichofifia, hata uwe na macho ya mwewe.

Kwenye maneti (kidhibiti cha mkononi), R1 inainua silaha, mraba unafyatua, L1 inatoa kisu. Unapoinua silaha, mstari mwekundu wa leza unatoka kwenye bunduki, na huo ndio chombo chako kikuu cha kutafutia. Simama, inua silaha, pitisha leza polepole kwenye matawi, kwenye kingo za paa, kwenye mihimili. Leza ikigusa kitu, nukta nyekundu inatua juu yake. Ukiona nukta imetua hewani ambako ulidhani hakuna kitu, kuna kitu. Njia hii inagundua mambo mengi kuliko kukimbiakimbia huku ukizungusha kamera.

Medali za bluu ni 15. Tangazo la muuzaji linasema wazi: 7 ziko shambani, 8 ziko makaburini karibu na kanisa. Ukivunja 10, muuzaji anakupa bastola iitwayo Punisher bila malipo. Ukivunja zote 15, anakupa ikiwa tayari imeongezwa nguvu. Ushauri wetu ni uvunje zote kwanza ndipo uende kwake. Ubora wa Punisher ni kwamba risasi yake inapenya: wanakijiji wawili wakijipanga mmoja nyuma ya mwingine kwenye ngazi au mlangoni, risasi moja inawapata wote. Tena inakula risasi zilezile za bastola ya kawaida.

Anza na shamba. Safisha eneo zima kwanza, mpaka asibaki mtu wa kukupigia kelele nyuma, kwa kuwa unapotazama juu huoni anayekuja na shoka. Halafu gawanya shamba kwa majengo. Zunguka kila jengo kwa nje ukitazama paa na kuta, kisha ingia ndani. Usiishie chini: panda ngazi, simama dirishani, utazame nje. Hapa ndipo watu hukwama kwenye sita. Wamezunguka uani mara nyingi, wote macho yako usawa wa kichwa, kumbe iliyobaki inaonekana ukiwa juu tu, au ukiwa nyuma ya kitu ambacho umekuwa ukikitazama kwa mbele. Mti unaoutazama ukitoka langoni utazame tena ukirudi. Tawi linaficha upande mmoja na kufunua mwingine.

Hesabu kwa karatasi. Andika shamba, makaburi, na piga mstari kila unapovunja. Inaonekana kazi ya kitoto, lakini asiyeandika hajui kama aliacha shamba akiwa na saba au sita, na atakuja kupoteza muda wake makaburini akitafuta ya tisa.

Risasi: medali 15 zinahitaji risasi 15 kwa anayelenga vizuri. Weka 20 kando kwa ajili hiyo tu, na masanduku na mapipa uyapasue kwa kisu. Kwa medali ya mbali usifyatue haraka. Mkono wa Leon, mhusika unayemchezesha, unayumba kidogo, basi ngoja nukta itulie katikati. Ukiwa na bunduki yenye darubini, itumie kutazamia tu kisha urudi kwenye bastola, maana risasi za bunduki ni adimu na utazihitaji mbele.

Makaburini kuna siri ya wakati. Mara ya kwanza unapofika hapo ni mchana, na kanisa limefungwa. Wengi huona mlango haufunguki, wakaendelea zao kwenda ziwani. Usiende. Vunja zile medali 8 sasa hivi. Baada ya pambano la ziwani Leon anazimia, anaamka ni usiku, na unaporudi kanisani ni giza, na wanakijiji wameanza kutoa vimelea kichwani ukiwapasua. Medali zipo palepale, ila sasa unazitafuta gizani huku unapigana. Tazama miti iliyo kati ya makaburi, kisha zunguka kanisa lote mpaka nyuma, na ukipita njia yoyote iliyoinuka tazama pia chini yake.

Kuhusu ziwa, usikae ukingoni ukafyatua risasi majini kwa kujifurahisha. Lile dude la humo linaibuka na kumeza Leon mzima, na unarudi ulikohifadhi.

Tukija kwenye hazina, muuzaji anauza ramani ya hazina ya kila sehemu: kijiji, ngome, kisiwa. Inunue mapema kadiri uwezavyo. Bei yake utairudisha kwa hazina chache tu, na kwa mtu anayelipia saa, ramani hiyo inaokoa pesa halisi, si peseta za gemu peke yake. Hazina haikai kwenye begi la silaha, ina sehemu yake, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha hata moja eti nafasi imejaa.

Hazina nyingine hazikai ardhini. Ukiona kitu kinang'aa ukutani, darini au juu kwenye mti, kipige risasi kianguke, halafu kiokote. Lakini kabla ya kufyatua, tazama chini yake kuna nini. Mfano bora ni mkufu wa lulu unaoning'inia juu ya kisima. Kifuniko cha kisima kiko wazi kwa sababu kijiti kimekishikilia. Ukipiga mkufu moja kwa moja, unatumbukia kwenye maji machafu, unautoa umeharibika, na muuzaji anakupa peseta 1,000. Ukipiga kijiti kwanza, kifuniko kinaanguka na kufunga kisima. Sasa piga mkufu, unatua juu ya kifuniko ukiwa safi, na bei yake ni 10,000. Ni risasi moja tu ya ziada, ila inakupa au kukunyima peseta 9,000. Saa ya shaba nayo inaweza kuchafuka na kushuka thamani kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo kila unapoona kitu kimetundikwa juu ya shimo au uchafu, simama kwanza.

Kunguru wasikupite. Baadhi yao wanadondosha vitu, ila ukifyatua ukakosa, kundi zima linaruka na mali yake. Wakiwa wamekusanyika, tupa bomu la mwanga katikati yao: wanakufa wote kwa pamoja na unaokota kwa utulivu. Kama ni mmoja, simama mbali na umpige kabla hujamkaribia.

Kwenye masanduku, nyoka ndio tatizo. Ukipasua, rudi nyuma hatua moja mara moja. Nyoka akitoka, muue: anaacha yai, nalo linakuongezea afya.

Kosa linalogharimu zaidi kuliko yote ni kuuza haraka. Spineli, vile vito vidogo, ziuze bila kufikiri, hazina kazi nyingine. Lakini hazina yenye matundu ya vito, ishikilie. Kikombe cha bia kina nafasi ya mawe matatu ya jicho la paka: kijani, jekundu na la njano. Barakoa ya kifahari nayo inachukua vito vitatu: cha zambarau, chekundu na cha kijani. Taa ya kipepeo inapokea macho matatu, na hayo yanatoka kwa wale wadudu wakubwa wasioonekana wa kwenye mitaro ya ngome. Ndiyo maana wadudu hao usiwakimbie, waue na uokote. Taji la ukoo wa Salazar lina sehemu zake mbili za kuongeza. Kisiwani kuna sanamu ya dhahabu ya paka mwitu yenye mawe matatu. Vitu hivi vikiwa kamili bei inazidi jumla ya vipande vikiuzwa kimoja kimoja, na kwa taji tofauti ni kubwa mno. Unaviunganisha kwenye menyu ya hazina, kisha ndipo unamwendea muuzaji. Ukimuuzia taa tupu leo, macho utakayookota kesho yamebaki bila mwenyewe.

Ndani ya ngome kunafunguka uwanja wa shabaha wa muuzaji, na humo kuna mkusanyiko mwingine: vizibo vya chupa 24, kila kimoja na kisanamu chake kinachotoa sauti. Vimepangwa safu nne za sita, na michezo ya safu za baadaye inafunguka kadiri unavyosonga. Ukipata alama 3,000 au zaidi unapewa kizibo, na safu ikitimia unapata peseta. Lenga kichwa, na usiguse kibao chenye picha ya Ashley, msichana ambaye Leon anamwokoa, kinakukata alama. Risasi za uwanjani si zako, basi usizionee huruma. Kwa kuwa kizibo unachopewa hukichagui, hifadhi kabla ya kuingia.

Wenye PS4 na mashine mpya, mbinu ni ileile ila vitu ni vingine. Kwenye Resident Evil 2 ya mwaka 2019 unavunja sanamu 15 za Mr. Raccoon, na ukizimaliza unapata kisu kisichoisha. Ramani ya gemu hiyo inakusaidia kwa rangi: chumba chekundu kina kitu ulichoacha, cha bluu umeshakimaliza. Rangi hiyo inahesabu vitu vya kuokota, kwa hiyo chumba cha bluu usikipite bila kutazama juu ya makabati. Kwenye Resident Evil 4 mpya ya mwaka 2023 kuna visanamu 16 vya mitambo, na ukivivunja vyote unapata kisu kiitwacho Primal Knife. Vinatoa mlio wa kuchakata, kama wa saa ya kuzungusha ufunguo, na mlio huo unasikika kabla ya kisanamu kuonekana. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, shusha muziki hadi sifuri, uache sauti za mchezo juu. Kama sali ina kelele, vaa vipokea sauti vya masikioni, simama katikati ya chumba na umzungushe Leon polepole mpaka mlio uwe sawa masikio yote mawili: hapo kiko mbele yako au nyuma yako kabisa. Piga hatua chache mbele. Mlio ukipungua, geuka.