Nairobi hadi New York: usidanganywe na saa za tiketi

Ukiwa na mzazi anayesafiri kwenda kuona wajukuu Marekani, mkalishe chini umsomee tiketi vizuri. Saa zinazoandikwa ni za pale ndege ilipo. Tuseme inaondoka Nairobi 23:55 na kutua New York 06:55. Mtu anahesabu saa 7 tu, anafurahi. Kumbe ni saa 15 hewani! Wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kiangazi ni 7. Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,800 bila kutua popote.

Kurudi huwa kama saa 14, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Tena angalieni sana tarehe. Tiketi ya 00:30 tarehe 12 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo uwanjani mnafika jioni ya tarehe 11. Mama yangu mdogo alifika usiku wa tarehe 12 na mabegi yake yote, ndege ilikwisha kuondoka usiku uliotangulia.