Namna ya Kuhoji Kauli Iliyozoeleka: Binti na Kihamba

Kauli kwamba binti hapewi kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga lenye makazi na migomba, kwa sababu ataolewa bado husikika katika vikao vya ukoo huku Moshi kana kwamba haidai ushahidi. Anayetaka kuihoji aanze kwa kuipasua, kwa kuwa ndani yake mna habari (ataolewa) na hukumu (asipewe). Habari hupimwa kwa kuhesabu: mabinti wangapi wa ukoo wenu hawakuolewa, waliachika, au wamerudi kuuguza wazazi? Hukumu haihesabiki, hiyo inadai sababu.

Sababu itafute kwa mwenye kauli, usimtungie. Baba mkubwa alikuwa ameshika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, nilipomwamkia, na badala ya kumwambia kwamba mila imepitwa na wakati, nilimuuliza, "Baba mkubwa, mlikuwa mnaogopa nini hasa?" Alinyoosha mkono kuelekea masale, mimea yetu ya kuwekea mipaka, yaliyopandwa mpakani, akasema kwamba wazazi wake wamezikwa humo, na siku mkwe akiuza, makaburi yatakuwa ya mgeni. Hofu hiyo ina uzito. Irudie kwa maneno yako mpaka mwenyewe akiri kwamba umemwelewa, la sivyo kikao kitageuka ugomvi wa vijana na wazee.

Hapo ndipo uulize kama kanuni inazuia kweli kinachoogopwa. Kwetu, vipande viwili vilivyotoka mikononi mwa ukoo viliuzwa na wanaume. Ikiwa tatizo ni kuuza, basi azuiwe yeyote anayeuza bila kikao.

Sheria nayo uijue. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi, na mapema zaidi, mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa babake alikuwa na haki hiyo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Lakini usifungue mazungumzo kwa sheria. Mzee aliyetishwa hunyamaza, na ukimya wake si kukubali.

Kisha jihoji mwenyewe, jambo ambalo sisi tuliosoma hatulipendi. "Wagawiwe sawa" nayo ni kauli iliyozoeleka. Nusu ekari ikikatwa kwa watoto sita, kila mmoja atabaki na migomba mingapi? Bado naamini binti ana haki, ila swali hilo lilinilazimisha kufikiria umiliki wa pamoja badala ya kukata.

Muda mzuri ni Desemba, familia ikiwa imerudi nyumbani na mwenye kihamba yu hai, wala si siku ya kumaliza matanga. Na kabla ya wazee, waulize kwanza mashangazi: kwetu wao ndio waliotetea mila kwa ukali zaidi, na sababu zao hazikuwa zile za baba mkubwa.