Jinsi ya Kupendekeza Taa za Kibodi Zitume Alama za Morse Linux Inapoanguka

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo kinachoendesha kompyuta, inapokutana na hitilafu isiyoweza kupona, husimamisha kila kitu, na kwenye kompyuta yenye kibodi ya PS/2 (aina ya zamani ya kiunganishi cha kibodi) taa za Caps Lock na Scroll Lock huanza kuwaka na kuzima mfululizo. Taa hizo hukujulisha kwamba mashine imeanguka, lakini hazikuambii sababu. Nataka ziseme sababu hiyo kwa Morse, alama za nukta na vistari zinazosimama badala ya herufi. Wazo hili lina uchangamfu wake, lakini litasikilizwa na wasimamizi wa kerneli iwapo tu utaonyesha fundi gani litamwokoa.

Anza na tatizo kabla ya kugusa msimbo. Kiraka (badiliko la msimbo linalotumwa ili lipokewe) cha aina hii kiliwahi kuandikwa mwaka 2002, nacho hakikuingia kwenye kerneli kuu. Zaidi ya hapo, tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024 kerneli inaweza kuchora msimbo wa QR kwenye skrini inapoanguka. Kwa hiyo utaulizwa taa ni za nini. Mimi niliwahi kuletewa laptopu yenye skrini iliyopasuka, taa zikipepesa, nikahangaika kuazima skrini ili nisome mstari mmoja tu. Kisa cha namna hiyo ndicho kiwe aya ya kwanza ya pendekezo lako.

Kisha fungua faili la kernel/panic.c. Humo kuna kitanzi kinachoita panic_blink na kugeuza hali ya taa kila baada ya milisekunde 200, na kazi yako ni kuifanya hali hiyo itoke kwenye jedwali la Morse badala ya kugeuzwa tu. Nukta ichukue kipimo kimoja cha milisekunde 200, kistari vitatu, nafasi ndani ya herufi kimoja, na nafasi kati ya herufi vitatu. Usitume ujumbe mzima: kerneli inaposhindwa kupata diski ya mfumo, ujumbe wake huanza na herufi VFS, ambazo huchukua vipimo 29, yaani karibu sekunde sita, ilhali sentensi nzima ingepita dakika moja na msomaji angepotea njiani. Katika hatua hii kerneli imekwisha kujeruhiwa, hivyo usiombe kumbukumbu mpya wala usisubiri kufuli lolote (kizuizi cha kusubiri sehemu nyingine ya msimbo imalize). Weka pia chaguo kwenye Kconfig, orodha ya mipangilio ya kujenga kerneli, likiwa limezimwa tangu mwanzo, ili asiyelitaka asiguswe nalo.

Jaribu kwanza ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, kwa kuandika herufi c kwenye /proc/sysrq-trigger ukiwa na mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), jambo linaloiangusha kerneli kwa makusudi. Ukiridhika kwamba kitanzi hakikwami, hifadhi data zako, urudie kwenye laptopu halisi na usome taa kwa macho yako: S, herufi ya kwanza ya ujumbe wa jaribio hili, ni nukta tatu.

Mwishowe pitisha kiraka kwenye scripts/checkpatch.pl ili kikaguliwe mtindo wake, tafuta wahusika kwa scripts/get_maintainer.pl, weka mstari wa Signed-off-by wenye jina lako (uthibitisho kwamba una haki ya kukituma), na utume kwa git send-email kama maandishi matupu, kichwa kikianza na [RFC PATCH] ili ieleweke kwamba unaomba maoni kwanza. Epuka zile wiki mbili za kupokea mabadiliko ya toleo jipya, kwa kuwa wasimamizi huwa wameelemewa. Ukiombwa kupunguza, punguza, kisha utume toleo la pili ukieleza kilichobadilika chini ya mstari wa vistari vitatu.