Kulisha Ndege wa Mjini Tanga Bila Kuwadhuru

Nchini Uingereza, ambako baridi kali huwanyima ndege wadudu na mbegu, chakula kinachotundikwa bustanini huwavusha wengi hadi majira ya kuchipua. Lakini ni kwenye vilishio hivyohivyo ambapo trikomonosisi, ugonjwa wa vimelea unaoshambulia koo la ndege, ulienea kuanzia miaka ya 2005 na 2006, na idadi ya chiriku wa kijani ikaporomoka. Tanga haina baridi kama hiyo, na hata kipupwe cha Juni hadi Agosti hakiwaletei ndege njaa, hivyo chakula chako kiwe nyongeza tu.

Asubuhi weka konzi moja ya mtama au uwele kwenye sinia lililoinuliwa mbali na paka, kisha ondoa masalia kabla ya adhuhuri, kwa sababu unyevu wa pwani huotesha ukungu upesi. Kila wiki lioshe kwa maji moto na sabuni, ulianike juani likauke kabisa. Ukimwona tetere amejikunyata, manyoya yametutumka na mate yanamdondoka, sitisha kulisha kwa muda usiopungua wiki mbili.

Mkate, wali wenye chumvi na mabaki ya samaki usiweke kamwe, kwani huwaita kunguru wa India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ambao hula mayai na makinda ya wenzao. Hapa kwangu Ngamiani alitosha mmoja kuona kichwa cha dagaa, paa zima likawa jeusi.

Chozi, yule ndege mdogo anyonyaye nekta ya maua, hahitaji sinia, mpandie mshubiri. Maji ya ndege yawe ya kina cha vidole viwili, na yamwagwe kila jioni yasije yakazalisha mbu.