SOMO: Kuikinga mashine ya boti na chumvi, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam. Naandika hili mara moja ili nipate pa kuwaelekeza watu, maana simu yangu haipumziki na swali ni lilelile: "Fundi, mashine inaliwa na chumvi, nipulize dawa gani?" Hakuna dawa ya kupuliza itakayokuokoa kama huoshi. Kinachookoa mashine ni maji matamu, joto, na namna unavyoibeba.

Somo ni la mashine za kupachika nyuma ya boti, hasa zile za petroli ya kuchanganya na oili ambazo wavuvi wengi wa huku tunazo: Yamaha Enduro na nduguze. Mwenye mashine ambayo oili haichanganywi na petroli pia atafaidika, ila afuate kitabu chake kwenye hatua ya kulaza (Hatua ya 9).

Kwanza muelewe adui. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Mashine inavuta maji hayohayo kujipoza, na ukiizima ingali moto, yanayobaki kwenye njia zake za ndani yanakauka na kuacha chumvi. Sasa, watu hudhani chumvi iliyokauka imelala. Hailali. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, na ile ya magnesiamu iliyomo humohumo baharini huanza kwenye asilimia 33 tu. Usiku wa pwani unyevu unapita 75 karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mashine iliyofunikwa turubai ndani ya nyumba bado inalowa kwa ndani na bado inaliwa. Alumini ina utando wake mwembamba wa kujikinga. Chumvi inautoboa, ndiyo maana mnaona vishimo na unga mweupe badala ya kutu nyekundu.

Hatua ya 1: Tafuta maji matamu kweli. Yaonje. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi. Wenzetu wa Lamu mjini wanalijua hili, ndiyo maana wanategemea maji ya chini ya machuguu ya mchanga ya Shela. Kama kisima chako kina chumvi kidogo, kitumie kuoshea mara ya kwanza, halafu suuza na maji ya mvua. Wakati wa masika kinga mvua kwenye mapipa, hayo ndiyo maji bora kuliko yote.

Hatua ya 2: Toa propela, weka niutro, simamisha mashine ndani ya pipa. Maji yapite juu ya matundu ya kuvutia.

Hatua ya 3: Washa, iache iungurume polepole, dakika 10. Sababu ya dakika hizo ni themostati, yaani vali inayofungua njia ya maji kwa joto. Mashine ikiwa baridi, themostati imefunga, na maji hayapiti sawasawa kwenye kichwa, ile sehemu ya juu yenye silinda. Inafunguka mashine ikishapata joto, kwenye nyuzi 50 hadi 60 kwa nyingi ya hizi. Anayewasha dakika mbili na kuzima ameosha mguu tu. Chumvi ya kichwani iko palepale. Angalia kitundu cha nyuma kinatoa maji muda wote. Na usiwashe kavu hata "kidogo tu nisikie mlio": impela, lile gurudumu dogo linalosukuma maji, ni mpira, bila maji inaungua kwa sekunde.

Hatua ya 4: Kuishusha na kuibeba. Hapa someni polepole. Hatua hii iliwahi kuniulia mashine nzima ya mtu, na tangu hapo nimefungua nyingi zilizokufa vilevile. Hatuachi mashine botini usiku kwa ajili ya wezi. Tunaifungua na kuibeba begani hadi nyumbani. Tatizo ni inavyokaa begani. Kichwa ni kizito, mbebaji anakiacha kining'inie mgongoni, mguu wa propela unabaki juu. Na mguu ule ndiyo bomba la moshi, una maji ya bahari ndani. Ukiwa juu ya kichwa, maji yanashuka kwa njia ya moshi, na kwenye mashine hizi tundu la moshi linafunguka moja kwa moja ndani ya silinda. Silinda ambayo pistoni yake imeacha tundu wazi inakunywa chumvi. Kwa nje huoni kitu. Asubuhi kamba inavutika kwa uzito, au haivutiki kabisa: ringi zimeshika, beringi za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) zimeota kutu.

Kwa hiyo:

Ukishaitoa majini, iache imesimama wima mpaka imalize kudondoka. Usiharakishwe na mtu.

Kichwa kiwe juu ya propela DAIMA. Begani, kwenye toroli, nyuma ya pikipiki, juu ya gari, na hata ikilala sakafuni. Wakibeba watu wawili, aliyeshika kichwa atangulie kwenye kupanda mlima.

Ukilazimika kuilaza, ilaze upande ulioandikwa kwenye kitabu chake, na kichwa ukiinue kwa gunia au tairi.

Ukihisi ilielekea vibaya, usivute kamba kwa nguvu. Toa plagi zote, vuta taratibu, tazama kama maji yanatoka kwenye matundu ya plagi. Yakitoka, endelea mpaka yaishe, tia oili kidogo kila silinda, vuta tena, kisha uiwashe siku hiyohiyo. Usiiache ilale hivyo.

Hatua ya 5: Nje. Osha kwa maji matamu na sabuni, futa, iache ikauke. Chini ya kofia, yaani kifuniko cha mashine, usipige maji kwa presha. Futa kwa kitambaa kilicholowa, halafu kikavu, halafu paka utando mwembamba wa oili au grisi kwenye vyuma. WD-40 ni nzuri kufukuza maji, lakini haikai muda mrefu. Ifuatishe na kitu kinachoganda.

Hatua ya 6: Zinki. Kile kipande cha kijivu kilichofungwa mguuni kimewekwa ili kiliwe badala ya mashine. Kikiisha nusu, badilisha. Usikipake rangi. Pale kinapogusana na mguu pakwanguliwe pawe chuma kwa chuma, la sivyo hakifanyi kazi.

Hatua ya 7: Boliti za stenlesi zinazoingia kwenye alumini zifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka, zipakwe grisi ya majini, zirudishwe. Usipofanya hivyo zitashikana na siku utakapozihitaji zitakatika. Na jambo moja kubwa: rangi ya kuzuia chaza na makome yenye shaba ndani yake isiguse mguu wa alumini. Shaba, alumini na maji ya chumvi vikikutana, inayoliwa ni alumini.

Hatua ya 8: Oili ya gia. Fungua skrubu ya chini uone. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi ni uzi wa nailoni uliojizungusha nyuma ya propela ukakata sili (mpira unaozuia maji yasiingie), kwa hiyo kila unapotoa propela angalia shafti. Unapojaza, jazia tundu la chini mpaka itoke juu.

Hatua ya 9: Kulaza, yaani kuiweka bila kuitumia, wakati wa kusi. Baada ya kuosha, fungua skrubu ya kabureta utoe petroli yote. Tia oili ya kuchanganyia kila tundu la plagi, kijiko kimoja kinatosha, vuta kamba mara chache, rudisha plagi. Isimame wima kwenye kigogo, ifunikwe kitambaa kinachopitisha hewa. Nailoni inafungia unyevu ndani.

Haya, maswali.

Dogo_wa_Feri: Ahsante mkuu. Kwa hiyo dawa ya kupuliza nitumie ipi?

Mwandishi: Rudi juu, aya ya kwanza.

Dogo_wa_Feri: Nimesoma ila nilitaka jina tu.

Mwandishi: Maji matamu. Dakika 10. Hilo ndilo jina.

BintiShela: Shikamoo fundi. Mimi si mvuvi, baba ndiye mwenye boti. Nimevutiwa na zinki. Kwa nini iliwe yenyewe na si mashine? Na je, bati au kipande cha chuma chochote hakiwezi?

Mwandishi: Marahaba binti, swali zuri. Metali mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa betri. Iliyo tayari zaidi kuachia umeme wake ndiyo inayoyeyuka, na nyingine inapona. Zinki iko tayari kuliko alumini ya mguu, kwa hiyo inakwenda yenyewe. Chuma cha kawaida kiko nyuma ya alumini, ukikifunga hapo umegeuza mambo: mguu ndio utakaokilinda chuma. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1824 mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba vipande vidogo vya zinki au chuma vinaweza kuzuia shaba iliyofunika meli isiliwe na bahari. Ilifanya kazi, ila makome yakaanza kujaa kwenye shaba, kwa sababu ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo iliyokuwa ikiyafukuza. Mwambie baba pia kwamba kuna vipande vya magnesiamu vinavyouzwa kwa ajili ya maziwa na mito. Hivyo baharini vinaisha haraka sana, asinunue. Vya alumini maalumu vinafaa baharini na hata pale mto unapoingia.

BintiShela: Kumbe! Cha kwetu kimepakwa rangi nyeusi pamoja na mguu mzima.

Mwandishi: Kikwangue leo. Kama bado ni kinene hakuna haja ya kununua kipya.

Nahodha_Kigumu: Mimi na mzee wangu tumetumia mashine miaka na miaka bila mapipa wala dakika 10. Mafundi mnatafuta kutisha watu.

Mwandishi: Mzee namheshimu. Niambie mambo mawili: kichwa cha mashine hiyo kilifunguliwa mara ngapi kusafishwa, na ni mashine ngapi zimepita mkononi mwenu katika miaka hiyo? Sipati faida yoyote mtu akiosha mashine yake. Anayeosha ndiye asiyerudi kwangu.

Mpemba_Halisi: Fundi, assalaam alaykum. Jirani yetu mashine ilimchomoka ikazama, imetolewa baada ya saa kama moja hivi. Ameiweka juani ikauke. Sawa?

Mwandishi: Waalaykumu salaam. Si sawa, mwambie sasa hivi. Ikiwa majini hewa ni kidogo. Ikitoka nje na chumvi yake, hapo ndipo kutu inapokimbia. Kama fundi hayupo, iingize yote ndani ya pipa la maji matamu ikae humo mpaka afike. Akifika: kofia nje, plagi nje, isuuzwe, matundu ya plagi yaelekezwe chini maji yatoke, kabureta ifunguliwe, oili itiwe kila silinda, iwashwe ndani ya saa chache. Je, ilizama ikiwa inaunguruma?

Mpemba_Halisi: Ndiyo, ilikuwa mwendo.

Mwandishi: Basi asivute kamba kwa nguvu hata kidogo. Maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta silindani, koni roda, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Izungushwe kwa mkono bila plagi, ikigoma, ifunguliwe. Nijulishe imefikia wapi.

Mlinzi_Ufukweni: Mkuu samahani natoka nje ya mada. Nalinda hoteli ya ufukweni, shotigani tunayopewa ina kutu kwenye mtutu ingawa naifuta kila asubuhi na oili.

Mwandishi: Si nje ya mada, chumvi ni ileile. Kwanza hakikisha haina risasi, angalia kwa jicho na kwa kidole. Unapopaka oili juu ya chumvi unaifungia chini. Futa kwanza kwa kitambaa kilicholowa maji matamu kidogo, kausha vizuri, ndipo upake oili nyembamba. Alama za vidole nazo ni chumvi, zifute unapokabidhi zamu. Ndani ya mtutu pitisha kitambaa kikavu, kisha chenye oili, na ufute ziada kabla ya kutumika. Je, inalala ndani ya nini?

Mlinzi_Ufukweni: Mfuko wa ngozi, tunaufunga zipu.

Mwandishi: Hapo ndipo kutu yako inapotoka. Ngozi na sponji zinashika unyevu na chumvi. Ilale wazi kwenye kabati la chuma lililofungwa kwa ufunguo, bila mfuko. Mfuko ni wa safari tu. Kutu iliyokwishaingia ndani ya mtutu ipelekwe kwa fundi wa silaha mwenye kibali, usikwangue mwenyewe.

Mlinzi_Ufukweni: Ubarikiwe sana.

Kaka_Mkuu_Tanga: Oili chafu ya gari je? Tunayo bure gereji.

Mwandishi: Ina tindikali na chembe za chuma, na inaharibu mpira. Ipake kwenye minyororo ya geti.

Mvuvi_Kilifi: Fundi, huku kwetu mashine ilikuwa inachemka hata baada ya kuosha dakika 15. Tulitoa themostati, tukailoweka kwenye siki nyeupe usiku mmoja, magamba yote yakatoka. Nimeona niwaambie wenzangu.

Mwandishi: Ahsante, hili ni la kweli na nilipaswa kuliandika. Maji matamu yanayeyusha chumvi, lakini gamba gumu la chokaa linataka asidi nyepesi kama siki. Isikae mno kwenye alumini, na isuuzwe sana baadaye. Kabla ya kuirudisha, itie kwenye sufuria ya maji ya moto uone inafunguka. Isipofunguka, nunua nyingine. Na usiendeshe bila themostati kama wengi wanavyofanya, plagi zitajaa masizi.

Mvuvi_Kilifi: Impela nayo tulikuta mabawa mawili yamekatika. Vipande hatukuviona.

Mwandishi: Vitafute kabla hujawasha, vimepanda juu kwenye njia za maji na vitaziba tena. Fungua bomba la maji linalopanda kutoka kwenye pampu, pitisha maji kwa kurudi nyuma, yaani kutoka juu kuja chini. Ukiweka impela mpya, ipake maji ya sabuni, na unapoisukuma ndani zungusha shafti kufuata mwelekeo wa saa ili mabawa yote yalale upande mmoja. Usisahau ule ufunguo mdogo wa kwenye shafti, kipande cha chuma kinachoishikanisha na impela. Ukidondoka, impela haizunguki na utarudi palepale pa kuchemka.